Masikio Mekundu ya Lihombwe

Bonde zima la Lihombwe lilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kifafa. Ndivyo ramani ya Tume ya Minara ilivyosema, na ramani ile haikuchorwa na mtu mwenye usingizi, ilichorwa na mashine. Mijini kulikuwa na madoa mekundu mengi ya watu wazima, waliopasuka vichwa kwenye pikipiki au waliopigwa na kiharusi. Nyanda za chini zilikuwa nyekundu kwa watoto, wale ambao malaria iliwapanda kichwani. Kwenye miinuko wanakofuga nguruwe palikuwa pekundu, na kwenye mito ya kasi, ile yenye vijinzi vyeusi vinavyouma watu miguuni, wekundu ulikuwa umeiva kama pilipili ya kukausha. Lihombwe liko kwenye mto wa kasi. Vijinzi vimejaa tele. Na bado kwenye ramani Lihombwe lilikuwa jeupe pee, na katikati ya weupe huo kulikuwa na nukta moja, Pelajia wa Gaudensia, msichana wa miaka kumi.

Uongo mtupu! Na kila mtu bondeni alijua ni uongo. Mama Hilda alijua, maana Hilda wake alikuwa juu ya dungu kule kwenye mashamba ya mpunga, anafukuza ndege kutwa, amefungwa kamba kiunoni ili akianguka asidondoke chini. Kaspari fundi mwashi alijua, maana yeye mwenyewe huanguka, na siku akihisi inakuja husingizia anakwenda kuchimba dawa, akajilaza nyuma ya tofali zake mpaka ipite. Nyumba ambayo haikuwa na mtu wake wa kuficha ilikuwa na binamu wa kuficha. Lakini uliza sasa! Utaambiwa ni homa, ni njaa, ni mtoto aliyeshtuka usingizini.

Tume ilileta vipuli, kimoja kwa kila kichwa. Kipuli chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama, kinachomekwa nyuma ya sikio, hakiumi, na kazi yake ni kusikiliza ubongo. Kikisikia kile ambacho wahandisi wanakiita kimbunga, yaani umeme wa kichwani unapovurugika mpaka mtu anaanguka na kukakamaa, kinageuka chekundu. Kikishageuka kinabaki hivyo hivyo mpaka siku mnara wa Tume, unaotibu kifafa kwa sauti, utakapoipata sauti ya kimbunga kilichoandikwa ndani yake na kukituliza. Hapo ndipo kinarudi cheupe, na hakisikilizi tena.

Aliyepewa kazi ya kuwavisha watu alikuwa Gaudensia mwenyewe, mhudumu wa afya wa kijiji. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikuta watoto pungufu. "Wako shambani, Mama Pelajia. Ndege wamezidi mwaka huu." Akawaachia wazazi vipuli wakawavishe wenyewe. Vikaingia kwenye makopo ya chumvi, vikakaa humo vyeupe, na kipuli kisichosikia kitu huandika amani.

Wa kwake alimvisha hadharani, awe mfano. Jumapili iliyofuata, katikati ya Misa, wakati watu wanapeana mikono ya amani, Pelajia alianguka kati ya mabenchi, na sikio lake likawaka jekundu mbele ya kanisa zima. Watu wakarudisha mikono yao mifukoni. Baba yake Pelajia alivumilia siku chache, kisha akahamia kwa wazazi wake, akisema mvua zikikatika atarudi. Mvua zilikatika.

Waliobaki nyumbani wakawa watatu: Gaudensia, mtoto, na Babu Kastori, baba mzazi wa Gaudensia, mzee mwenye mdomo usiotulia, ambaye kila asubuhi alimwita mjukuu wake mke wangu na kumlalamikia kuwa uji hauna sukari.

"Mimi nitakuacha," humwambia. "Nitatafuta mke anayejua kupika."

"Niache," Pelajia hujibu. "Nani mwingine atakutaka na hayo meno mawili?"

Na wakacheka wote wawili, kila siku kichekesho kile kile, na Gaudensia akasonya huku naye anacheka.

*

Mhandisi Mwakalobo alikuja mpunga ukiwa unaanza kukauka. Kijana mpole, viatu vikubwa, kioo cha kazi, cha kusomea vipuli, kimening'inia kifuani. Gaudensia alimpa kigoda, akampa na maji, na yule kijana akashukuru vizuri kabla ya kusema kilichomleta.

"Hongereni, mama. Bonde lenu ni safi. Mgonjwa mmoja tu! Nimekuja kuwaaga."

"Kutuaga vipi?"

"Mnara hautajengwa hapa. Mnara mmoja unakula umeme wa maporomoko mazima, mama yangu. Kwa bonde la ukubwa huu Tume inataka wagonjwa angalau kumi na wawili. Nyinyi mnaye mmoja."

"Wapo wengi. Wamefichwa." Gaudensia alisogeza kigoda chake. "Mimi ndiye ninayewafunga vidonda wakiangukia moto. Nikutajie?"

Mwakalobo alitikisa kichwa, kwa huruma kabisa, tena huruma ile ndiyo iliyomuudhi Gaudensia kuliko maneno. "Mashine haisikii maneno, mama. Inasikia vimbunga. Mavuno yakiisha, droni ya hesabu itapita juu ya bonde. Kipuli kitakachokuwa chekundu siku hiyo kitahesabiwa. Kitakachokuwa cheupe, basi."

"Na mwanangu? Ng'ambo ya mlima kuna mnara. Nikahamie huko?"

"Hautamsaidia. Si wewe mwenyewe uliyewaeleza watu kwenye mkutano?"

Kweli alieleza. Aliandikiwa maneno, akayakariri, akayasema vizuri mpaka akapigiwa makofi. Kifafa si kitu kimoja, aliwaambia. Cha aliyegongwa na gari kina mwendo wake, cha aliyeugua malaria ya kichwa kina mwendo wake, na cha watu wa mto wa vijinzi kina wake. Mnara hutuliza kwa sauti, na sauti hiyo hutungwa kutokana na vimbunga vya watu wa mahali pale pale, vile vilivyonaswa na vipuli vyao. Sauti ya ziwani haimtulizi mtu wa mlimani. "Kila bonde na wimbo wake!" alimalizia, na maneno hayo yalimpendeza sana mdomoni, na baada ya hapo hakuyafikiria tena.

"Basi nipatie vidonge," alisema.

"Vidonge gani, mama? Viwanda vilifungwa minara ilipoanza. Nani atengeneze vidonge vya watu wachache waliobaki?"

Gaudensia aliingia ndani akisingizia kutafuta kahawa. Alilifungua kopo la vidonge vya Pelajia, akalitikisa. Vilikuwa vimebaki vya kufika masika, basi. Baada ya hapo mtoto angeanguka kadiri kichwa chake kitakavyo, bila kizuizi chochote, maisha yake yote. Alisimama gizani mle akiwa amelikumbatia lile kopo, na kahawa hakuleta.

*

Alikwenda kuwasihi akina mama mahali pa kupigia mpunga. Aliwakuta wametandaza maturubai, vumbi la makapi linawasha, wamejifunga vitambaa puani. Akawaambia bila kuzunguka: wavisheni watoto vipuli vyao. Wiki chache tu. Mnara ukija, vyote vitarudi vyeupe na hakuna atakayekumbuka.

Mama Hilda alishusha fimbo yake. Yeye na Gaudensia walikua pamoja, walisuka pamoja ukili, walipata Kipaimara siku moja.

"Mama Pelajia, usinifanye nikutukane. Unajua dada yake Hilda kaposwa. Washenga wakiona sikio jekundu nyumbani kwangu watakunywa hata maji?"

"Utamfunga kitambaa."

"Kitambaa! Siku hizi ukimfunga mtoto kitambaa ndiyo umepiga ngoma. Wewe uliona wa kwako alivyofanywa kanisani. Mumeo yuko wapi?"

Hapo palikuwa pachungu, na Mama Hilda alijua ni pachungu, akainamisha macho. Kisha akafungua pindo la khanga yake, akatoa kipuli cheupe, akakiweka kwenye kiganja.

"Lakini wa kwako keshakuwa mwekundu," alisema, sauti imeshuka. "Hana tena cha kupoteza. Mchomeke hiki cha Hilda. Akianguka nacho kitageuka, mimi nitakirudisha kwenye kopo mpaka droni ipite. Mashine haijui sikio la nani."

Mkono wa Gaudensia uliinuka wenyewe. Hakumpiga, ila ulibaki hewani pale. Akawatazama wengine ili wamsaidie kushangaa. Hakuna aliyeshangaa. Kila mmoja alikuwa anafungua pindo la khanga yake. Kumbe walishazungumza! Walishakaa, wakapanga, wakakubaliana kuwa mtoto mmoja aliyekwisha kuaibika anatosha kuanguka kwa niaba ya bonde zima.

Aliwatukana wote, akaondoka. Jioni ile Kaspari fundi akaja nyumbani, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, na kipuli chake amekifunga kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji.

"Mimi napanda juu ya mapaa, dada," alisema, na hakuweza kumtazama. "Ikijulikana, nani atanipa kazi? Nina watoto. Nisamehe."

Akakiacha kwenye kizingiti. Kesho yake kizingiti kilikuwa na vingine.

*

Gaudensia alihangaika na jambo lile mpaka chakula kikamshinda. Vipuli havikai viwili kichwa kimoja. Vikikaribiana vinazibana masikio, vyote vinanyamaza. Maana yake kila kipuli kinahitaji kuanguka kwake. Na Pelajia akinywa vidonge huanguka kwa nadra. Ili aanguke mara nyingi hivyo kabla ya droni, ni lazima asinywe. Na ni yeye Gaudensia, jamani, aliyekuwa akiwagombeza watu kila siku: msikatishe vidonge ghafla, mtaua!

Lakini je, ulikuwa uongo? Wagonjwa walikuwepo. Hilda yupo, Kaspari yupo, wale watoto wa madunguni wapo. Ramani ndiyo iliyosema uongo, na yeye angeinyoosha tu. Halafu vidonge vitakwisha masika, atake asitake. Aanguke sasa miezi michache kisha apone, au aanguke mpaka kufa kwake? Aligeuza hivi, akageuza vile, na kila alipogeuza alimkuta mtoto wake chini.

Babu Kastori alipoambiwa, alitupa mkongojo.

"Mtoto si karai la kila mtu kutapikia! Wawalete wa kwao!"

"Hawawaleti, baba."

"Basi wafe nao!"

"Na huyu wetu vidonge vikiisha?"

Mzee akaenda kuuokota mkongojo wake mwenyewe.

Pelajia aliyasikia yote, kwani nyumba ya vyumba viwili haina siri. Alikuwa nje anapepeta mchele. Mama yake akaketi karibu, akatafuta pa kuanzia, mtoto akamwanzia yeye.

"Nikianguka na kipuli cha Hilda, Hilda atapona?"

"Mnara ukija, mtapona wote."

"Hatafungwa tena kamba?"

"Hatafungwa."

Pelajia aliendelea kupepeta. Tangu siku ile ya kanisani alikuwa anakula peke yake, kwenye sahani ya bati yenye ufa pembeni, hata akialikwa. Watu wanasema mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Gaudensia kawaambia mara ngapi kuwa hayaambukizi, na wao hutikisa kichwa ndiyo, ndiyo, halafu wanachota cha mtoto pembeni.

"Mimi nataka kitu kimoja," Pelajia alisema. "Mnara ukija, mimi na Hilda tule sinia moja. Na Mama Hilda naye awepo, atie mkono."

Gaudensia alikwenda siku hiyo hiyo. Mama Hilda aliapa kwa Bikira Maria, machozi yakimtoka, kuwa watakula.

*

Mwanzoni ilionekana kama wataweza. Gaudensia aliacha kumpa vidonge, akakaa naye kila saa, amemtandikia magodoro sakafuni, ameondoa mafiga uani. Pelajia akianguka, mama humgeuza ubavu, humwekea khanga chini ya kichwa, humshika huku akisema mama yupo, mama yupo, mpaka mwili ulegee. Kisha huchomoa kipuli chekundu, huchomeka cheupe. Kile cha Kaspari ndicho kilichotangulia. Vikafuata vingine, na kila mama alikuja kuchukua cha kwake mlango wa nyuma, anakipokea ndani ya jani la mgomba kama kitu cha kununua kwa magendo.

Lakini kichwa kilichoachiwa hakijui kupangiwa. Kuanguka kukaanza kukaribiana. Pelajia aling'ata ulimi ukavimba, akawa anaongea kama mlevi. Akasahau majina. Asubuhi moja Babu Kastori alimwambia, "Mke wangu, uji wako leo hauna sukari," na mtoto akamtazama tu, anatafuta jibu, halipati. Mzee akatoka nje akalia nyuma ya banda la kuku, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

"Imetosha, Gaudensia!" alipiga kelele kutoka huko. "Imetosha, mwanangu, nakuomba!"

Kilikuwa kimebaki kimoja. Na kile kimoja kilikuwa cha Hilda, maana Pelajia mwenyewe alikuwa amekiweka cha mwisho, anakilinda kwa wivu.

Gaudensia alichukua kidonge, akakileta na kikombe cha maji. "Kunywa, mama. Basi. Tutaona itakavyokuwa."

Pelajia alifumba mdomo. "Bado cha Hilda," alisema kati ya meno.

Angeweza kumlazimisha. Ni mtoto wa miaka kumi, mwepesi, amekonda. Angembana pua, kidonge kingepita, kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Alimtazama. Aliwaza: kimoja tu. Aliwaza mnara, aliwaza masika, aliwaza makumi ya miaka ya mwanawe mbele akiwa mzima. Kikombe akakiweka chini.

Ile ya mwisho ilianza mchana, jua kali, kuku wanaparura uani. Ilianza kama zingine. Gaudensia alimgeuza ubavu, akasema mama yupo. Ilipaswa kupita. Haikupita. Ilipungua kidogo, ikarudi, ikapungua, ikarudi kabla mtoto hajapata pumzi. Midomo ikabadilika rangi. Gaudensia akaita watu, akaita kwa sauti ambayo hakujua anayo, na watu wakaja wakasimama uani kwa mduara, mikono vifuani, hakuna aliyesogea kumshika kwa sababu mwenye kifafa hashikwi mpaka povu likauke. Babu Kastori peke yake ndiye aliyepiga magoti. Alimshika miguu, anamwambia mke wangu, mke wangu, usiniache, nilikuwa nakutania tu.

Mwili ulipotulia, watu walipumua kwa nafuu. Waliona imepita salama. Gaudensia ndiye aliyeweka sikio kifuani, akaliacha hapo muda mrefu.

Kipuli cha Hilda kilikuwa chekundu.

Kaspari alichimba kaburi bila kuombwa, akalijengea kwa tofali zake nzuri. Watu walichanga, walipika, waliimba vizuri sana. Mama Hilda alijigaragaza chini. Na kulipopambazuka baada ya arobaini, droni ya hesabu ikapita juu ya bonde, ikazunguka, ikaondoka na kumi na wawili.

*

Mnara ulisimamishwa kiangazi, juu ya kilima nyuma ya shule. Siku ya kuuwasha watu walipika pilau, wakatandika mikeka. Kwa mara ya kwanza watoto wa madunguni walishuka wote, wamevaa nguo za Krismasi, wanakunja macho kwa kuona umati. Masikioni wamevaa vipuli vyao vyekundu, waziwazi, maana leo wekundu haukuwa aibu tena, leo ungeondoka. Kaspari alisimama mbele ametunisha kifua. Hilda alikuwa amesukwa nywele, kiunoni bado ana alama ya kamba.

Gaudensia alikuja kwa sababu ya ahadi. Kipuli cha Pelajia kilikuwa kwenye pindo la khanga yake. Babu Kastori hakutaka kuja, akaja.

Mhandisi Mwakalobo alimpa pole kwanza, kwa adabu, kisha akagusa kioo chake. Mnara ukaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeimba kwa pua chumba cha pili. Halafu sikio la Kaspari likawa jeupe. Halafu la mtoto wa jirani yake, halafu lingine, lingine, mpaka la Hilda. Vigelegele! Watu walikumbatiana, wakalia, mshenga wa dada yake Hilda akarusha kofia juu. Gaudensia akafungua pindo la khanga. Cha Pelajia nacho kilikuwa cheupe.

"Wote!" Mwakalobo alisema, anacheka kama mtoto. "Sijawahi kuona bonde linaitikia hivi. Wote wametulia kwa mara moja!"

Mama Hilda hakuchelewa. Alimshika Hilda mkono, akaja naye mpaka kwenye mkeka wa Gaudensia, akaweka sinia la pilau katikati, akanawa. "Niliapa," alisema, machozi yanamtiririka. "Karibu, mwenzangu. Tule." Wakatia mikono: Mama Hilda, Gaudensia, Babu Kastori, akina mama wengine wawili, na Hilda, ambaye alitazama kwanza kila uso, haamini, ndipo akamega tonge dogo.

Hakulifikisha mdomoni. Macho yalipinduka, shingo ikakaza, akaangukia ubavu, na mguu wake ukalipiga sinia.

Mikono yote ikatoka kwenye chakula.

"Ni jua," Mama Hilda alisema haraka. "Hajazoea jua." Akamfunika kwa khanga. "Si mnaona sikio ni jeupe?"

"Ni jua," wakasema akina mama wengine.

Gaudensia alikuwa ameshamgeuza mtoto ubavu. "Ni kifafa," alisema. Akarudia kwa sauti, akimtazama Mwakalobo. "Mhandisi, ni kifafa!"

"Mashine inasema ametulia, mama," Mwakalobo alisema, lakini alikuwa ameshaanza kuvuta picha kwenye kioo, anazikuza, anaziweka moja juu ya nyingine. Kicheko kilimwisha usoni. Aliinama karibu na Gaudensia ili wengine wasisikie. "Hivi vimbunga ni vya watu kumi na wawili? Mbona vimelingana? Hata mapacha hawalingani hivi. Hiki... hiki ni kichwa kimoja."

Kila bonde na wimbo wake. Aliyasema mwenyewe kwenye mkutano, akapigiwa makofi. Wimbo ule ulikuwa umetungwa kwa kichwa cha mtu mmoja tu, na ulikuwa unamtafuta bonde zima, na kila kipuli kilichobeba kimbunga chake kiliitika na kutulia. Hilda hakuwemo. Kaspari hakuwemo. Hawakuwemo watoto wale wote waliovaa nguo za Krismasi.

"Utungwe upya," Gaudensia alisema.

"Kwa vimbunga vipi, mama? Hesabu imefungwa." Aliangalia masikio meupe uwanja mzima, akamwangalia mshenga anayecheka, akawaangalia akina mama waliokuwa wanamtazama kwa macho ya kumsihi anyamaze. "Nikiripoti, mnara unang'olewa, unapelekwa kwingine. Kwenye ramani Lihombwe limepona."

Akakizima kioo. Huko nyuma ngoma ilikuwa imeanza.

Babu Kastori hakuwa ameelewa mambo ya vioo. Alielewa moja tu. "Huu wimbo ni wa mke wangu?" alimuuliza binti yake, kisha akainuka na mkongojo wake, akapanda kilima polepole mpaka chini ya mnara, akaketi, akaegemeza kichwa kwenye chuma.

Hilda alitulia, akalala usingizi mzito wa baada ya kuanguka. Mama yake akaanza kukusanya vitu. Sinia lilibaki katikati ya mkeka, na watu walilizunguka kwa mbali, tayari wanasema kimwagwe hicho, kimwagiwe kuku. Gaudensia alilivuta karibu. Alinawa tena mkono. Akamega tonge, akala, akamega jingine. Aliendelea kula, machozi yanadondokea wali, huku mkono wa pili ukiwa juu ya bega la mtoto, ili Hilda akiamka akute kuna mtu kwenye sinia.